Uso wa Mama: Wachoraji Wanatufundisha Nini?

Tulipofiwa na mama yetu mzazi, wazee wa mtaa walituomba picha yake ili iwekwe mezani wakati wa ibada ya mazishi. Tulifungua masanduku, tukapekua bahasha za risiti, tukachungulia hata nyuma ya fremu za picha za harusi za wadogo zetu. Tuliambulia picha moja tu, ile aliyopigwa kwa ajili ya kitambulisho. Ametazama mbele, mdomo umefungwa, mabega yamenyooka kama mtu anayengoja kusomewa hukumu. Tuliipeleka ikakuzwa, tukaiweka kando ya jeneza.

Mjukuu wake wa miaka mitano aliitazama sana. Kisha akauliza kwa sauti ambayo waombolezaji wote waliisikia, "Huyu ni nani?" Tukamwambia ni bibi. Akatikisa kichwa. "Bibi hayuko hivyo."

Watu wengine walitabasamu, lakini sisi tuliokaa mbele neno lile lilituchoma. Mtoto alisema kweli. Macho yalikuwa ya mama, pua ilikuwa yake, hata kovu dogo juu ya nyusi lilikuwapo mahali pake. Hakuna kipimo kilichokosewa. Aliyekosekana ni mama mwenyewe: alivyoinua nyusi moja kabla ya kutoa mzaha, alivyouma mdomo wa chini alipokuwa na maumivu asiyotaka tuyajue.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza, ni kitu gani usoni kinachomfanya mtu awe yeye na si mwingine? Tulipoanza kutafuta jibu, tuliwakuta watu ambao wamelishughulikia swali hilo kwa zaidi ya miaka 500. Hao ni wachoraji wa sura za watu.

Msomaji mpenzi, huenda ukasema, "Sisi na wachoraji wapi na wapi? Tuna watoto wa kuandaa, tuna vyungu jikoni." Ni kweli. Lakini hebu fikiri. Nani anayesoma nyuso kila siku kuliko mama? Mtoto akirudi shuleni unajua kabla hajavua viatu kwamba kuna jambo. Mume akiingia mlangoni unajua kama leo ni siku ya kuomba fedha au ya kunyamaza. Kazi hii tunaifanya bila kujua tunavyoifanya. Wachoraji wameichunguza hatua kwa hatua, na kuna mengi ya kujifunza kwao.

MISULI ILIYOSHIKAMANA NA NGOZI

Katika masomo ya uuguzi tulifundishwa kwamba misuli mingi ya mwili huanzia kwenye mfupa na kuishia kwenye mfupa, na kazi yake ni kusogeza viungo. Misuli ya uso ni tofauti. Mingi huanzia kwenye mfupa lakini huishia ndani ya ngozi yenyewe. Ikikaza kidogo tu, ngozi huvutwa, na hapo tunaona furaha, hofu, dharau au huzuni.

Misuli hiyo huongozwa na mshipa mmoja wa fahamu kwa kila upande wa uso. Mshipa huo ukidhurika, upande mmoja hulegea, jicho halifumbi na mdomo huenda kombo. Aina moja ya kupooza huko huitwa kwa jina la Charles Bell, daktari wa upasuaji kutoka Uskoti. Wauguzi wengi tunalijua jina hilo kwa sababu ya ugonjwa. Lakini Bell alikuwa pia mchoraji hodari, na mwaka 1806 alitoa kitabu cha kuwaeleza wachoraji jinsi misuli ya uso inavyozaa hisia tunazoziona. Kwake yeye kitanda cha mgonjwa na meza ya mchoraji havikuwa mbali.

Mwaka 1862 daktari Mfaransa, Duchenne, alitoa kitabu kingine. Aligusa misuli ya uso kwa umeme mdogo, msuli mmoja baada ya mwingine, huku picha zikipigwa. Alieleza kwamba tabasamu la furaha ya kweli lina sehemu mbili. Msuli mmoja huvuta pembe za mdomo, na mwingine, unaozunguka jicho, huinua shavu na kukunja ngozi pembeni mwa jicho. Wa mdomo tunauamuru tupendavyo. Wa jicho ni mkaidi, na kwa watu wengi hauji mpaka furaha yenyewe ije.

Ndiyo maana mama akija kliniki na kusema, "Sijambo, nesi," midomo ikicheka lakini macho yakiwa yametulia kama maji ya mtungini, muuguzi mzoefu haandiki tu kwamba hana tatizo. Humvutia kiti, akafunga mlango.

Kuna jambo la pili. Uso unaokunjwa namna moja kwa miaka mingi huhifadhi mikunjo hiyo, kama kanga iliyokaa sandukuni. Aliyecheka sana huwa na mistari pembeni mwa macho hata akiwa amelala. Aliyebeba wasiwasi huwa na mifereji miwili kati ya nyusi. Mchoraji anapoiona mistari hiyo haoni uzee tu. Anaona kazi ambayo uso umeifanya.

MAMA WA WATOTO 18

Tuanze na mwanamke ambaye angeweza kuwa jirani yetu. Aliitwa Barbara, mkazi wa mji wa Nuremberg nchini Ujerumani. Aliolewa na mfua dhahabu akiwa msichana mdogo, akazaa watoto 18. Waliofikia utu uzima walikuwa watatu tu. Mmoja wao, Albrecht Dürer, alikuja kuwa mchoraji mashuhuri kuliko wote wa Ujerumani wa wakati wake. Baba yake alifariki mwaka 1502, na miaka miwili baadaye Dürer alimchukua mama yake akaishi naye.

Mwezi Machi mwaka 1514 Dürer alimketisha mama yake, akamchora. Hakutumia rangi. Alitumia mkaa na karatasi yenye urefu wa sentimita 42 hivi. Mama alikuwa na miaka 63. Amejifunga kitambaa kichwani. Paji la uso lina mikunjo, mashavu yamebonyea, mishipa ya shingo imesimama na mifupa ya mabega inaonekana. Midomo imebanwa. Macho yametokeza, tena hayatutazami sisi. Yanatazama mbali, kama ya mtu anayesikiliza kitu ambacho wengine hatukisikii.

Mara ya kwanza ukiiona utashtuka. Utajiuliza, mtoto gani humchora mama yake hivi? Kwa nini hakupunguza mikunjo kidogo, akamnenepesha shavu? Lakini endelea kuitazama. Midomo ile iliyobanwa haina uchungu wa mtu mwenye kinyongo. Ni midomo ya mtu aliyezoea kuvumilia. Katika kumbukumbu za familia, Dürer aliandika kwamba mama yake alipatwa na tauni na magonjwa mengine makali, akapita katika umaskini, dhihaka na hofu, wala hakuwa mtu wa kulipiza kisasi. Maneno hayo yote yamo usoni kwenye picha ile kabla hujayasoma popote.

Mama Barbara alifariki mwezi Mei mwaka huohuo. Mwanawe aliirudia picha ile, akaandika juu yake kwa wino siku na saa aliyofariki. Leo picha hiyo imehifadhiwa Berlin.

Hapa tunajifunza jambo la kwanza kutoka kwa wachoraji. Kumwonyesha mtu alivyo si kumpamba. Dürer angeweza kumchora mama mzuri wa kubuni, lakini mama huyo asingekuwa mama yake. Mwana aliyeona kila mkunjo, akauchora bila kuuonea haya, alikuwa anasema, "Nimeona yote uliyoyapitia."

TABASAMU LISILOKAMATIKA

Sasa twende Florence, nchini Italia. Karibu kila mtu ameshaiona sura ya Lisa, kama si kitabuni basi kwenye kopo la biskuti. Wengi hatukumbuki kwamba alikuwa mke wa mtu na mama wa watoto. Mume wake alikuwa mfanyabiashara wa hariri. Leonardo da Vinci alianza kumchora mnamo mwaka 1503, juu ya ubao wenye urefu wa sentimita 77 na upana wa sentimita 53. Picha hiyo, iitwayo Mona Lisa, iko Paris katika jumba la Louvre.

Watu hubishana: Je, anatabasamu au hatabasamu? Ubishi huo hautokani na bahati. Hisia za mtu huonekana zaidi katika pembe za macho na pembe za mdomo. Leonardo alizifunika sehemu hizo kwa vivuli laini kwa kupaka tabaka nyembamba sana za rangi, moja juu ya nyingine, hata huwezi kuonyesha kwa kidole mahali mwanga unapoishia na kivuli kinapoanza. Waitaliano waliipa mbinu hiyo jina linalotokana na neno lao la moshi.

Mwaka 2000 mwanasayansi Margaret Livingstone wa Chuo Kikuu cha Harvard, anayechunguza namna tunavyoona, alitoa maelezo yake. Jicho likitazama kitu moja kwa moja huona vizuri mistari midogo, lakini pembeni mwa jicho huona zaidi vivuli vipana. Ukimtazama Lisa machoni, mdomo unauona kwa pembeni, vivuli vya mashavu vinauinua, naye anatabasamu. Ukiuhamia mdomo kuukagua, tabasamu linayeyuka. Ndiyo maana anaonekana hai. Watu tunaoishi nao nao hubadilika kila tunapowatazama.

Leonardo aliyajua haya kwa kufanya kazi. Alipasua maiti hospitalini Florence na kuchora misuli inayosogeza midomo. Tena mwandishi Vasari, aliyeandika maisha ya wachoraji mwaka 1550, alisimulia kwamba Leonardo aliwaleta waimbaji na wachekeshaji wakati Lisa ameketi, ili uso wake usichoke ukaingia huzuni. Kama ilitokea hivyo hasa au iliongezwa chumvi, maana yake ni kweli. Uso ukiambiwa "tulia" kwa muda mrefu hufa. Mpiga picha wa kitambulisho hana waimbaji.

MCHORAJI MBELE YA KIOO

Rembrandt wa Uholanzi, aliyezaliwa mwaka 1606, alijifunza nyuso kwa kutumia uso uliokuwa karibu naye kuliko zote, yaani wake mwenyewe. Karibu na mwaka 1630, akiwa kijana, alisimama mbele ya kioo akajifanya ameshangaa, amekasirika, anacheka, amefoka. Kila sura aliichora kwenye bamba la shaba na kuipiga chapa. Baadhi ya michoro hiyo haizidi sentimita 5 kila upande, lakini macho yaliyotumbuka ndani yake hukufanya ugeuke nyuma kuona kilichomshtua.

Alijichora katika maisha yake yote. Ukijumlisha picha za rangi, za bamba na za kalamu, zinafika 80 hivi. Katika miaka hiyo alikula chumvi na pilipili. Mke wake Saskia alimzalia watoto wanne, na watatu kati yao wakafa wangali wachanga. Saskia mwenyewe alifariki mwaka 1642, akimwachia mtoto mmoja wa kiume, Titus, ambaye hata mwaka haujamtimia. Mwaka 1656 Rembrandt alifilisika, vitu vyake vikauzwa. Titus naye alifariki mwaka 1668.

Mwaka uliofuata, ambao ndio aliokufa, Rembrandt alijichora tena akiwa na miaka 63. Picha moja ya mwaka huo iko London katika jumba la National Gallery. Pua ni nene, ngozi chini ya macho imelegea, mikono imeunganishwa mbele. Hajifanyi ameshangaa wala amekasirika. Anatutazama tu. Ujanani alipiga kelele kwa uso mzima ili tuone hisia. Uzeeni alijua kwamba huzuni kubwa hukaa kimya, na kwamba nyusi zikiinuka kidogo sana zatosha.

Kuna picha yake nyingine ambayo wasomaji wa Injili watapenda kuifahamu. Ni ile ya mwana mpotevu anaporudi nyumbani, aliyoichora mwishoni mwa maisha yake, na ambayo iko St Petersburg, Urusi. Mwana amepiga magoti, ametupa mgongo. Uso wake hauonekani ila kidogo tu. Ni kichwa kilichonyolewa, kiatu kilichochakaa na wayo mmoja ulio wazi, umechubuka. Uso tunaouona vizuri ni wa baba, mzee, macho yameshuka kama ya mtu asiyeona vizuri. Haonyeshi hasira, wala hafurahi kwa kelele. Mikono yake imetua juu ya mgongo wa mwanawe, ndiyo inayosema mengine yote. Tabia ya mtu husomwa usoni, lakini mchoraji mkubwa hasahau kwamba mikono nayo ina uso wake.

PAPA NA MTUMWA

Mwaka 1650 mchoraji Mhispania, Diego Velázquez, alikuwa Roma. Alimchora Papa Innocent wa Kumi, mtu mwenye mamlaka kubwa. Picha zinazotengenezwa kwa wakubwa mara nyingi hupakwa asali. Velázquez hakupaka. Alichora macho makali yanayokupima, nyusi zilizokazana, midomo iliyofungwa kwa tahadhari, uso mwekundu juu ya mavazi mekundu. Husimuliwa kwamba Papa alipoiona alisema picha hiyo ni ya kweli kupita kiasi. Hata hivyo hakuitupa. Ingali Roma, katika jumba la familia yake.

Mwaka huohuo, hukohuko Roma, alimchora mtu mwingine, Juan de Pareja, mwenye asili ya Kiafrika, aliyekuwa mtumwa wake na msaidizi wa kazi za uchoraji. Ungetarajia mtumwa achorwe ameinama. Pareja amesimama wima, amegeuza bega, mkono umekunjwa mbele ya kifua, na macho yake yanakutana na yako bila kuomba ruhusa. Kwenye kiwiko nguo imechanika. Uso haujali. Picha hiyo ilionyeshwa hadharani Roma mwezi Machi 1650, watu wakaistaajabia.

Mwezi Novemba mwaka huo Velázquez alitia sahihi hati ya kumwachia Pareja huru, uhuru ambao ungeanza baada ya miaka minne. Pareja akawa mchoraji kwa jina lake mwenyewe. Picha ile ilinunuliwa na jumba la Metropolitan la New York, baada ya kupigwa mnada mwaka 1970 kwa zaidi ya dola milioni 5.

Hatuwezi kusema kwamba picha ndiyo iliyomweka huru. Lakini jambo moja ni wazi. Mtu hawezi kukaa siku kadhaa akiutazama uso wa mwenzake, akitafuta heshima iliyo ndani yake na kuitia rangi, kisha akaendelea kusema kwamba huyu ni mali tu. Nasi tuna wasichana wa kazi majumbani mwetu. Je, tunaweza kueleza sura zao bila kuwatazama tena?

UMBO LA PUA SI TABIA

Hapa tunatoa tahadhari. Katika miaka ya 1770 mchungaji mmoja wa Zurich, Johann Kaspar Lavater, alitoa vitabu akidai kwamba tabia ya mtu inajulikana kwa umbo la pua, paji la uso na kidevu. Vilipendwa sana Ulaya. Dai hilo halikuwa kweli, nalo lilileta madhara makubwa. Waliokuja baadaye walilitumia kusema kwamba watu wa mataifa fulani, sisi Waafrika tukiwamo, tuna sura za watu wa chini.

Tofauti ni hii. Mfupa wa uso tunaurithi, hauelezi moyo wetu. Kinachoeleza ni vile mtu anavyoutumia uso huo. Hata hapo tusiharakishe kuhukumu. Wodini tumemwona mzee ambaye uso wake haukucheka wala kununa, jamaa wakamwita mwenye kiburi, kumbe ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu uliokaza misuli yake. Tumeona pia mama aliyejifungua asitabasamu kwa mtoto wake, mawifi wakanong'ona kwamba hampendi, kumbe alikuwa na sonona ya baada ya uzazi na alihitaji matibabu. Uso hutupa swali la kumwuliza mtu. Hautupi hukumu.

WANAFANYAJE BASI?

Tukikusanya yote, tunaona kwamba wachoraji hutumia mambo yafuatayo:

1. Nyusi na kope. Badiliko dogo hapa hugeuza uso mzima. Nyusi zikiinuka upande wa ndani huleta huzuni, zikishuka na kukaribiana huleta hasira au mawazo mazito.

2. Pembe za mdomo. Mchoraji hutumia muda mwingi hapo kuliko kwenye midomo yenyewe.

3. Pande mbili za uso. Hakuna uso ulio sawa kulia na kushoto. Anayezisawazisha hupata kinyago.

4. Mwanga na kivuli. Rembrandt aliacha macho kwenye nusu kivuli ili mtazamaji amalizie mwenyewe.

5. Shingo, mabega na mikono. Kichwa kikiinama kidogo tu, macho yaleyale husema neno jingine.

6. Muda. Hili ni kubwa kuliko yote. Mchoraji hukaa na mtu, humwacha azungumze, achoke, asahau kwamba anatazamwa. Ndipo uso wake halisi hujitokeza.

Hata sisi wauguzi tumepata faida. Miaka ya 1980 kule Marekani, muuguzi Donna Wong na mwenzake Connie Baker walitengeneza nyuso sita rahisi, kutoka inayocheka hadi inayolia, ili mtoto asiyejua kueleza maumivu yake aonyeshe kwa kidole. Nyuso hizo huenda umeziona zimebandikwa ukutani hospitalini. Mistari michache ya nyusi na mdomo imewafanya watoto wengi wapate dawa ya maumivu kwa wakati.

NYUMBANI KWETU

Miezi kadhaa baada ya matanga, shangazi alituletea picha aliyoiona katika albamu ya harusi ya jirani. Mbele ni maharusi. Nyuma kabisa, karibu na masufuria, yuko mama yetu, mwiko mkononi. Amegeuka kumjibu mtu ambaye hayumo pichani. Nyusi moja iko juu. Picha haikutulia vizuri, hata kovu halionekani. Tulimwonyesha yule mjukuu bila kumwambia kitu. Aliwapita bibi na bwana harusi, akaweka kidole kwenye masufuria.

Picha hiyo ndiyo iliyopo ukutani sasa.

Lakini somo halikuishia hapo. Siku moja mtoto wetu wa mwisho alichora familia nzima kwa penseli. Baba anacheka, dada anacheka, hata kuku anacheka. Mama ana mistari miwili kati ya nyusi, mirefu kuliko pua.

"Mbona mama amekasirika?" tukamwuliza.

"Hujakasirika, mama," akasema. "Ndivyo unavyokuwa ukihesabu hela."

Tulicheka, kisha tukaenda kwenye kioo. Mistari ilikuwapo. Hatukuijua. Tulidhani shida za nyumba tumezifungia moyoni, kumbe watoto wamekuwa wakizisoma kila jioni kama ubao wa darasani. Hatusemi mama ajilazimishe kutabasamu. Duchenne ametuonyesha kwamba tabasamu la kulazimisha hukosa macho, na watoto wanalijua. Tunachosema ni kwamba mtoto akiona mistari hiyo, aambiwe ukweli unaomfaa: "Mama anafikiria ada. Hukunikosea." Asipoambiwa, atadhani yeye ndiye chanzo.

Akina mama wenzetu, twaomba tufanye mambo matatu mwezi huu. Kwanza, kama mama yako au mama mkwe yu hai, mpige picha akiwa kazini, akichambua mchele au akibishana na mwenzake, si amesimama wima kama askari. Simu ya mkononi inatosha. Andika nyuma ya picha jina lake na mwaka, maana waliotangulia walituachia nyuso nyingi zisizo na majina.

Pili, na wewe kubali kupigwa picha. Sisi akina mama ndio tunaokimbia tukisema, "Ngoja kwanza nibadili kitambaa." Miaka inapita, albamu zimejaa watoto na wageni, mama hayumo. Mikunjo yako usiionee haya. Mwana wa Barbara hakuiona kuwa aibu.

Tatu, jioni ya leo, kabla ya kuuliza daftari liko wapi na nani hakufagia, mtazame kila mmoja usoni kwa muda wa kumaliza salamu. Ukiona macho hayajacheka pamoja na mdomo, weka mwiko chini kwanza.